Namugongo haifikiwi kwa mzuka wa dabi

SHABIKI wa soka wa Tanzania ana sifa moja kubwa: hakati tamaa mapema. Kinachokata mapema ni pumzi. Siku ya dabi anapanda ngazi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, akifika jukwaa la juu ameshika kiuno, jezi imelowa, na mpira haujaanza.

Shabiki huyohuyo, ikifika Mei, anasikika kijiweni akitangaza kwamba mwaka huu naye anakwenda Namugongo. Si kwa basi. Kwa miguu, kutoka Bukoba.

Washkaji wanampigia makofi. Mmoja anamwazima begi, mwingine anamwahidi hela ya soda. Hakuna anayemuuliza swali ambalo kocha yeyote angeanza nalo: maandalizi yake yamefikia wapi?

Hapo ndipo penye tatizo. Hija ya Namugongo ni kazi ya mwili kuliko mechi yoyote ya Ligi Kuu, lakini wengi wanaifanya kama ndondo ya mtaani, anayepita njiani anaitwa na kupewa jezi. Mpaka Masaka, nusu ya kikosi kinachechemea.

Kila Juni 3 watu kutoka kila kona ya Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Congo wanakutana pale, nje kidogo ya Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Siku kama hiyo mwaka 1886 vijana wa Kikristo, Karoli Lwanga akiwa miongoni mwao, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana nao wanawakumbuka 23 wa kwao. Wengi wanafika kwa magari. Lakini wapo maelfu wanaotembea siku kadhaa, wengine zaidi ya wiki.

Suala la imani ni la mhujaji na Mungu wake. Suala la goti, kisigino na figo ni la watu wa michezo, na watu wa michezo wamekaa kimya mno.

Hesabu ambayo hakuna kocha angeikubali

Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilomita 80. Mutukula hadi Masaka ni kama 90. Masaka hadi Kampala ni kama 130, halafu inabaki kama 15 kufika Namugongo. Jumla ni zaidi ya kilomita 300.

Akitembea siku kumi, kila siku anakula kilomita 30 na ushee. Sasa mchezaji wa kiungo, yule anayesifiwa kwa mapafu ya mbwa, kwa dakika 90 anakimbia kilomita 10 hadi 12. Maana yake mhujaji anapiga umbali wa karibu mechi tatu kwa siku, kwa siku kumi. Ni kweli anatembea, hakimbii. Lakini mchezaji akimaliza mechi anapata masaji, maji ya barafu, chakula cha moto na kitanda. Mhujaji analala kwenye sakafu ya darasa, na kesho saa 11 alfajiri anaamka tena.

Makocha wa klabu zetu wakipangiwa mechi mbili ndani ya wiki moja wanalalamika mpaka mkutano wa waandishi unaisha. Na wana haki. Basi iweje muuza duka wa miaka 45, ambaye zoezi lake kubwa ni kushangilia bao, apangiwe ratiba hii bila hata wiki moja ya kujiandaa?

Kambi ianze Machi

Anayetaka kuondoka Bukoba Mei 21 ili afike Juni 1, akiwa na siku mbili za kupumzika njiani, aanze kambi mwishoni mwa Machi. Wiki nane zinatosha kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo aanzie kwa daktari, si barabarani.

Wiki mbili za kwanza ni kutembea kilomita tano, mara nne kwa wiki, na Jumamosi kufikisha nane. Wiki ya tatu na ya nne, Jumamosi inapanda hadi 12, kisha 15. Wiki ya tano na ya sita inafika 20, na Jumapili baada ya ibada anatembea tena hata kama miguu inauma. Siku hiyo ya pili ndiyo yenye somo. Kutembea ukiwa mzima kila mtu anaweza. Hija ni kutembea ukiwa umechoka jana.

Wiki ya saba ni mechi ya kirafiki: Jumamosi 25, Jumapili 20, na viatu vilevile, soksi zilezile, begi lilelile la safari. Kwa mtu wa Bukoba, kwenda Kemondo na kurudi siku inayofuata ni kipimo kizuri, na vilima vya njia ile havimwonei mtu huruma. Wiki ya nane anapunguza mazoezi kwa nusu. Hapa ndipo wengi wanapochemka. Wanaona siku zimekaribia, wanaongeza kasi, wanaondoka nyumbani wakiwa tayari wameumia. Hakuna timu inayofanya mazoezi ya kukimbia mlima siku moja kabla ya fainali.

Masika yatakuwa yananyesha kipindi chote hicho. Vizuri. Mwishoni mwa Mei barabara ya Masaka nayo hainyimwi mvua, na asiyewahi kutembea na soksi mbichi atajifunza mahali pabaya.

Kiatu kipya ni adui

Kila msimu kuna straika anayesajiliwa kwa mbwembwe na kutambulishwa usiku wa manane, halafu mechi ya kwanza anaonekana hawajuani na wenzake. Kiatu kipya kiko hivyohivyo. Mtu ananunua raba Jumamosi, Jumatatu anaanza safari. Ikifika Kyaka ana malengelenge visigino vyote viwili.

Raba ya safari iwe imetembea angalau kilomita 100 kabla ya Bukoba. Iwe kubwa kidogo kuliko ile ya kawaida, kidole gumba kisiguse mbele, kwa sababu mguu unavimba kadiri siku zinavyokwenda. Yeboyebo na kandambili ni za jioni, baada ya kuoga. Wapo wazee wanaotembea kwa katambuga na wanawapita vijana wenye raba za bei mbaya, lakini wazee hao wamevaa katambuga maisha yao yote. Kijana asiige.

Soksi ziwe jozi tatu, na zisiwe za pamba tupu, maana pamba ikilowa jasho inabaki imelowa na kusugua ngozi. Kucha zikatwe mapema na kwa mstari ulionyooka. Asubuhi mafuta ya mgando yapakwe kati ya vidole, kwenye kisigino na katikati ya mapaja. Mtu mnene akipuuza hilo la mapaja, siku ya pili atatembea kama kipa anayesubiri penalti.

Sehemu ya mguu ikianza kuwaka moto, asimame papo hapo. Si mbele kidogo, si tukifika kwenye ule mti. Avue kiatu, akaushe, abandike plasta. Dakika tano hizo zinaokoa siku tatu. Lengelenge dogo liachwe. Kubwa linalouma litobolewe pembeni kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ibaki juu, lifunikwe. Kuchuna ngozi ni kualika vijidudu.

Maji, chumvi na vidonge vya maumivu

Kosa la kwanza ni kutokunywa. Kosa la pili, ambalo watu hawalijui, ni kunywa maji matupu lita kwa lita huku jasho limeondoka na chumvi. Mtu wa namna hiyo anaanza kuumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanamwongezea maji wakidhani wanamsaidia. Mafundo machache kila baada ya dakika 15 au 20, pakiti ya chumvi ya ORS mchana, na chakula chenye chumvi. Ndizi, karanga, mihogo na mayai ya kuchemsha vinapatikana njia nzima. Mkojo ndiyo daktari wa timu: ukiwa wa njano iliyokolea, anywe zaidi. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi na misuli inauma kupita kawaida, safari imeishia hapo. Hospitali.

Halafu kuna diklofenaki. Huu ni ugonjwa wa mchezo wetu mpaka kwenye ligi za chini, mchezaji anameza kidonge ili acheze na maumivu. Mhujaji anayemeza vidonge hivyo asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu na mwili umekauka, anazipiga figo na tumbo lake. Maumivu ni kadi ya njano. Anayeificha kadi ya njano mfukoni hajaifuta, na ya pili ikija anatoka nje.

Barabara ndiyo mwamuzi

Malengelenge hayaui. Barabara inaua, na hapa ndipo mambo yanapotakiwa kusemwa bila kupepesa.

Uganda, kama Tanzania, magari yanakwenda upande wa kushoto. Kikundi kitembee upande wa kulia, kikiyatazama magari yanayokuja, kwa mstari mmoja, nje ya lami panapowezekana. Kutembea watatu watatu mkipiga stori za usajili ni raha, lakini dereva wa lori aliyetoka mpakani usiku kucha hajui kama mnajadili beki mpya.

Vikundi vingi vinapenda kutembea usiku kukwepa jua. Inaeleweka, ila usiku kwenye barabara ile ni kamari. Bora kuondoka saa 11 alfajiri, kutembea hadi saa tano, kupumzika kivulini hadi saa tisa, kumalizia hadi saa 12 jioni. Kwenye lile giza la alfajiri, wa mbele na wa nyuma kabisa wavae vizibao vinavyoakisi mwanga, kama vya bodaboda, na kila mmoja awe na tochi. Vizibao hivyo ni bei ya kawaida. Jeneza ni ghali.

Kuna kipande kimoja cha kukiheshimu. Kinaitwa Lwera, ukishavuka Lukaya kwenda Kayabwe. Barabara imenyooka, kulia na kushoto ni bwawa na mafunjo, kivuli hakuna, na madereva wanakanyaga mafuta kwa sababu hakuna kona. Maji ya eneo hilo ndiyo yaliyosomba daraja la Katonga Mei 2023, magari yakalazimika kuzunguka mbali. Lwera ivukwe alfajiri, kila mtu akiwa na chupa mbili zilizojaa na kofia kichwani, na simu mfukoni. Asubuhi ile hakuna muziki masikioni.

Ukitoka hapo ukifika Kayabwe, pale kwenye alama ya ikweta, kikundi kipige picha kipumzike. Zimebaki kama kilomita 70 kuingia Kampala, na kisaikolojia hapo ni kama dakika ya 75 mkiongoza moja bila. Timu nyingi hufungwa hapo. Watu wanaona mji umekaribia, wanaongeza mwendo, wanapotezana Mpigi.

Timu ni yule wa mwisho

Kosa linaloumiza vikundi vingi ni kuweka vijana wenye nguvu mbele. Wanaondoka, wanapotea, wanafika kituoni saa nane, wanalala. Mama wa miaka 60 anafika saa mbili usiku peke yake, chakula kimeisha.

Mpira umeshalijibu swali hili. Mbele awekwe mtu wa mwendo wa wastani, si winga. Nyuma kabisa awekwe beki wa mwisho, mtu mzoefu na mtulivu, na sheria iwe moja: hakuna anayebaki nyuma yake. Kila saa moja kikundi kinasimama dakika kumi, na hakiondoki mpaka wa mwisho naye amepata dakika zake kumi. Wengi wanafanya kinyume: wa mwisho akifika tu, kiongozi anasema "haya twendeni". Aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa.

Kiongozi awe na ujasiri wa kufanya mabadiliko. Akimwona mtu anatembea kwa upande, amwambie kwa heshima: "Mama, panda gari mpaka kituo kinachofuata, kesho utatembea nasi." Hilo si aibu. Mchezaji akitolewa dakika ya 60 bado anapewa medali timu ikishinda.

Mengine ni madogo lakini yanarudisha watu nyumbani. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, maana utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ni wa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Aende na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wake, na kama parokia ina gari, begi kubwa lipande gari. Chandarua kidogo kisisahaulike. Na Kiswahili si kila mtu atakijibu ukiwa Buganda, hivyo "ssebo" kwa baba na "nnyabo" kwa mama, pamoja na "webale" ya kushukuru, yatafungua milango mingi. Maji wanaita amazzi. Mhaya hapo hahitaji mkalimani.

Siku yenyewe Namugongo kuna umati ambao hata wazoefu wa Mkapa hawajauona. Mahali pa kukutana papangwe kabla ya kuingia, kwa sababu mtandao wa simu hulemewa. Na kurudi ni kwa basi. Hakuna haja ya marudiano.

Kwamba mateso ndiyo sadaka

Watakaopinga wapo, na hoja yao ina uzito. Wanasema hija si mashindano. Mashahidi hawakuwa na raba wala ORS. Ukimwandaa mhujaji kama mchezaji, umeondoa ile tabu ambayo ndiyo sadaka yenyewe.

Lakini aliyejiandaa vizuri bado atateseka. Kilomita 300 hazijawahi kumwacha mtu salama. Tofauti ni nani anabeba mateso hayo. Asiyejiandaa akianguka Lukaya, msalaba wake unabebwa na wengine: kijana anayembeba mgongoni, mama anayempa maji yake ya mwisho, kikundi kizima kinachopoteza siku kikitafuta zahanati. Kujiandaa ni kuwaheshimu wale unaotembea nao.

Na hapa lawama ziende kwa wenye mpira. Mkoa wa Kagera una Kaitaba, una makocha, una madaktari wa timu na watu wa viungo wanaojua kufunga kifundo cha mguu ndani ya dakika mbili. Ujuzi huo unafungiwa kambini, unatoka kwa ajili ya watu 25 waliosajiliwa. Kuna ubaya gani Jumamosi nne za Aprili wahujaji wakaitwa Kaitaba, wakafundishwa kunyoosha misuli, kufunga plasta na kutembea kwa mstari? Mashabiki hao ndio wanaolipa kiingilio mwaka mzima. Klabu inayodai mashabiki ni mchezaji wa 12 imlipe huyo mchezaji wa 12 hata kwa darasa moja.

Tena kuna sababu ya kisoka kabisa. AFCON ya mwaka 2027 ni ya Tanzania, Kenya na Uganda. Barabara hii ya Mutukula na Masaka ndiyo itakayowapeleka mashabiki wa Kagera Kampala, na Namboole iko kilomita chache tu kutoka Namugongo. Hapatakosekana jamaa watakaoapa kwenda kuiona Stars kwa miguu ikipangiwa mechi kule. Mzuka watakuwa nao, maana mzuka hauna gharama. Wakajifunze kwa wahujaji waliofika.

Hao waliofika ukiwauliza siri yao, hawataji nguvu. Wanataja soksi, wanataja mtu waliyetembea naye, wanataja mahali walipokubali kupumzika. Ni maneno yaleyale ya nahodha mzee aliyecheza misimu 15 bila kufanyiwa upasuaji wa goti.

Machi haiko mbali. Shabiki anayetaka Namugongo asisubiri kijiwe kimpigie makofi. Aanze na kilomita tano kesho asubuhi, na raba yake ya zamani.